UZI: Kifaa cha kuendeshwa kwa ubongo kitengenezwe vipi hadi anayemuuguza mgonjwa akiwashe bila kumpigia fundi simu?

FundiMawimbi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Juzi kuna mada ilipita humu kuhusu yule Mmarekani anayecheza chesi kwa kuwaza tu, watu wakagawanyika: wengine wanasema ni kiini macho, wengine wameshaanza kununua friji ya kufungua kwa akili. Mimi ni fundi wa vifaa tiba na mawimbi ya ubongo nimeyashika kwa mikono yangu, kwa hiyo nimeona nifungue uzi tuongee kwa utulivu. Hoja yangu ni moja. Kusoma ubongo kwa kiwango cha kumsaidia mtu aliyepooza kumeshawezekana zamani. Vifaa vingi vinakwama kwa sababu aliyevibuni alimfikiria mhandisi, hakumfikiria mgonjwa aliyechoka wala dada anayemvalisha kofia ya kupimia mawimbi saa moja asubuhi huku uji unachemka jikoni.

Kwa wasiofuatilia: Hans Berger, daktari wa Kijerumani pale Jena, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na akachapisha 1929. Mwaka 1973 Jacques Vidal wa UCLA akaandika kwamba umeme huo unaweza kutumika kuwasiliana na kompyuta. Jina la kiolesura cha ubongo na kompyuta, ambalo wenyewe wanafupisha BCI, limetoka kwake.

Umeme wenyewe ni mdogo hadi unatia huruma. Juu ya ngozi ya kichwa unapata kama maikrovolti 10 hadi 100. Betri ya rimoti ni volti 1.5, yaani mara 15,000 ya hiyo 100. Na unaupima kupitia fuvu, ngozi na nywele, mgonjwa anapepesa macho, anameza mate, feni inazunguka juu ya kichwa chake.

Sasa tuangalie kifaa kimoja cha kweli. Mwaka 1988 Farwell na Donchin walitengeneza jedwali la herufi na amri chache, 6 kwa 6. Mistari inamulika mmoja mmoja bila mpangilio, ya kulala na ya kusimama. Mgonjwa anaikodolea herufi anayoitaka na kuhesabu kimoyomoyo kila inapomulikwa. Inapomulikwa, kama milisekunde 300 baadaye ubongo unatoa kijiwimbi cha kushtuka, ndicho wanachokiita P300. Kompyuta inatafuta ni mstari upi wa kulala na upi wa kusimama vilivyoleta kijiwimbi hicho. Vinapokutana ndipo herufi ilipo. Tatizo ni kwamba kijiwimbi kimoja kinamezwa na kelele, kwa hiyo unarudia mizunguko kadhaa na kujumlisha.

Pigeni hesabu. Tuseme kila herufi inachukua sekunde 20. "Naomba maji" ina herufi 10 na nafasi moja. Hizo ni sekunde 220, karibu dakika nne, na hapo hujakosea hata mara moja. Ukikosea lazima uchague kitufe cha kufuta, kisha uchague tena. Usahihi ukiwa asilimia 90, kwa wastani unachagua mara 1.25 kwa kila herufi. Ukishuka hadi 70 unachagua mara 2.5. Ukiwa 50 hufiki popote, kila unachopata unakipoteza kwa kufuta.

Mhandisi akiona hesabu hiyo anakimbilia kuboresha algorithimu. Sawa, aiboreshe. Ila kuna njia ambayo haihitaji hisabati: weka neno MAJI lenyewe kwenye kisanduku kimoja. Ukurasa wa kwanza usiwe na herufi kabisa. Uwe na maji, nigeuze, choo, naumwa, joto, zima taa, mwite fulani. Herufi ziwe ukurasa wa pili kwa mwenye muda wa kupiga soga. Dakika nne zimegeuka sekunde 20, na hujagusa ubongo wa mtu.

Nakuja na sehemu ya pili, hapo ndipo penye utamu.

---

Kijana_wa_Kombo

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

---

Mlenge254

Fundi, salamu kutoka Nakuru. Swali la mshamba: kwa nini nikodolee taa? Si niwaze tu neno "maji" mashine ilisome?

---

FundiMawimbi

@Mlenge254 swali zuri na si la kishamba, kampuni zinaishi kwa kuuza hiyo ndoto. Kofia ya nje haisomi mawazo. Inaona umati wa seli zikifanya kitu kwa pamoja, haioni neno.

Kuna njia unayoikaribia: unawaza unakunja mkono wa kulia, na mawimbi yanayopiga mara 8 hadi 12 kwa sekunde (Hz) upande wa kushoto wa kichwa yanafifia. Watu wa Graz kule Austria, kina Pfurtscheller, wameifanyia kazi miaka mingi. Uzuri wake hauhitaji taa wala skrini. Ubaya wake inabidi ufundishwe, wakati mwingine wiki kadhaa, na tafiti zinarudia kwamba asilimia 15 hadi 30 ya watu hawaipati hata wafundishwe. Kwa muda mrefu watafiti waliwaita "wasiojua kusoma" wa BCI, kana kwamba kosa ni la mtumiaji. Binafsi jina hilo linanikera. Kiatu kikikubana hatusemi mguu haujui kuvaa.

Njia ya tatu ni vitufe vinavyowaka na kuzima, kila kimoja kwa kasi yake, na ubongo wa nyuma unafuata kasi ya kile unachokitazama. Ni ya haraka sana. Mwaka 2015 Wachina walifikisha herufi kama 60 kwa dakika kwa vitufe 40. Lakini jaribu kukaa mbele ya skrini inayometameta mchana kutwa. Halafu kumetameta kwa 15 hadi 25 Hz ndiko hatari zaidi kwa mwenye kifafa cha mwanga. Swali la kifafa liulizwe kabla ya kofia kutoka kwenye boksi.

---

NesiWaZamu

Samahani kwa kuingilia kati kwenu mafundi. Mimi niko wodini. Mgonjwa wangu aliyepata kiharusi cha shina la ubongo alibaki na macho tu. Tulimwandikia herufi kwenye kadibodi, mtu anataja, yeye anapepesa. Gharama yake ni kalamu ya wino mzito. Mnataka nimvishe kofia yenye nyaya na jeli ili apate herufi moja kwa sekunde 20? Kadibodi yangu ina kasi kuliko hiyo.

---

FundiMawimbi

@NesiWaZamu dada, karibu sana, wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri.

Naunga mkono hoja yako mia kwa mia. Kama macho yanacheza, tumia macho. Kadibodi, au kamera ya kufuata macho kama familia ina uwezo. Kama kidole kimoja au shavu linatikisika, weka swichi pale. BCI inaanza kuwa na maana pale macho yanapochoka haraka, au yanapoelekea kufungwa kama kwa baadhi ya wenye ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Na hata hapo jedwali la kumulika halitafaa kama mtu hawezi kukodoa. Zipo aina zinazotumia sauti masikioni au mtetemo mikononi, ni za polepole zaidi lakini hazihitaji jicho. Mbunifu anayeanza na swali "nitumieje BCI" badala ya "mtu huyu amebakiwa na nini" ameshapotea njia.

Sasa sehemu ya pili niliyoahidi: MTUMIAJI WA PILI, yaani yule anayemuuguza mgonjwa.

Kituo cha Wadsworth kule Albany, New York, walipeleka mfumo wa P300 majumbani kwa wenye ALS, matokeo yakachapishwa 2018 chini ya mtafiti Wolpaw. Waliokubali kushiriki walikuwa 42. Waliofungiwa mfumo nyumbani wakawa 27. Waliomaliza mafunzo na kuutumia wenyewe wakawa 14. Ukisoma haraka unasema mradi umefeli. Soma vizuri: tisa ndio hawakuweza kabisa kuutumia, hitilafu za kiufundi zilikuwa chache, wengi waliotoka njiani ni kwa sababu ugonjwa uliwazidi au walifariki. Waliobaki na wauguzi wao walisema faida inazidi usumbufu. Kilichofanya iwezekane ni kwamba ndugu wa nyumbani walifundishwa kuvalisha na kuwasha wenyewe, mhandisi hakuwa sebuleni.

Sasa tuone kinachotokea asubuhi. Nilikuwa namvalisha binti mmoja wa ndugu yetu, kichwa kimesukwa rasta za wiki hiyo hiyo. Kofia ya kawaida ni ya kitambaa cha kuvutika, ina matundu, kila tundu lina kikombe cha elektrodi. Unachoma sindano butu isiyo na ncha kwenye tundu, unatenganisha nywele, unasugua ngozi kidogo, unajaza jeli. Skrini inaonyesha ukinzani wa kila elektrodi. Wa zamani wanataka uwe chini ya kiloomu 5. Kwa nywele laini zilizolala, dakika mbili taa inakuwa ya kijani. Kwa rasta, kofia inakaa juu ya misuko kama paa, kikombe hakifiki kwenye ngozi, jeli inatiririka kwenye mfereji kati ya msuko na msuko na kuunganisha elektrodi mbili zikawa moja. Taa nyekundu, nyekundu, nyekundu. Mama yake pembeni anauliza, "Kwa hiyo tumfumue?" Saa sita za msusi na hela yake.

Hilo halikuwa kosa la binti wala la msusi. Kofia ilibuniwa kwa kichwa kingine. Pale Carnegie Mellon, Pittsburgh, mwanafunzi anayeitwa Arnelle Etienne na mwalimu wake Pulkit Grover walilibeba tatizo hili: unasuka twende kilioni zilizonyooka, mistari ya ngozi ikipita pale pale elektrodi zinapotakiwa kukaa, halafu elektrodi zina vibanio vinavyojishikiza chini ya misuko na kuzisukuma kwenye ngozi. Nywele zinakuwa kishikizo badala ya kizuizi. Wameziita Sevo. Nilipoiona nilicheka peke yangu, kwa sababu msusi yeyote wa Mwenge angetoa wazo hilo kama angeitwa kwenye kikao.

---

Mama_Shuga

Mimi ni msusi, si wa Mwenge lakini. Twende kilioni za hivyo ni kazi ndogo, ni mistari tu. Mkinichorea kichwa na nukta zenu nawasukia. Ila msiweke jeli yenye chumvi kila siku, itawasha ngozi na kukata nywele za mbele.

---

NesiWaZamu

Mama Shuga umenena. Niongeze: mgonjwa wa kulala hageuzi kichwa. Elektrodi ngumu ya kisogoni ikikaa masaa inaleta kidonda. Hiyo hamtaiona maabara, mnayempima pale amekaa kwenye kiti.

---

FundiMawimbi

Yote mawili nayaandika. Elektrodi za kisogoni ziwe bapa na laini, na kofia ioshwe kwa maji ya kawaida ya bomba. Mwongozo uwe picha, usiwe kitabu cha kurasa 80.

Skrini ya mtunzaji ionyeshe kichwa kilichochorwa, na sehemu yenye shida imulike: "ongeza jeli hapa". Asisome "kiloomu 47 C3". Hiyo C3 ni jina la kifundi la sehemu ya kichwa, haimhusu mtu yeyote nyumbani.

Jambo jingine la kwetu: umeme wetu ni 50 Hz. Kifaa kilichotoka Marekani kinachuja 60. Usipobadilisha hiyo mipangilio, utasoma nyaya za ukutani siku nzima ukidhani ni ubongo. Laptopu iwe kwenye betri wakati wa kutumia, chaja ichomolewe.

---

Mkosoaji_Mkuu

Mnahangaika na jeli wakati watu wameshaweka chipu ndani ya kichwa. Kofia ni ya zama za mawe. Kampuni ya Neuralink imemaliza mchezo, tuwekwe sote chipu tuendelee na maisha.

---

FundiMawimbi

@Mkosoaji_Mkuu kaka, chipu nazikubali kuliko unavyodhani. Ndani ya fuvu ishara ni safi, huwezi kulinganisha. Watafiti wa mradi wa BrainGate waliweka kipande cha elektrodi 96, milimita 4 kwa 4, kwenye kichwa cha Matthew Nagle mwaka 2004, akafungua barua pepe na kubadilisha chaneli za TV. Mwaka 2011 Cathy Hutchinson, aliyekuwa amepooza miaka mingi kwa kiharusi, akaamuru mkono wa roboti ukamletea chupa ya kahawa mdomoni. Mwaka 2021 mtu akafikisha herufi 90 kwa dakika kwa kuwaza anaandika kwa mkono. Mwaka 2023 Stanford wakapata maneno 62 kwa dakika kwa mtu anayejaribu kutamka, japo karibu neno moja kati ya manne lilikosewa. Mwaka 2024 UC Davis wakafikisha usahihi wa karibu asilimia 97 kwa Casey Harrell, mwenye ALS, na kompyuta ikamsemea kwa sauti iliyotengenezwa kutokana na rekodi za zamani za sauti yake.

Hiyo ya sauti yake mwenyewe, wakuu, ndiyo ubunifu rafiki ninaouzungumzia. Haikuongeza kasi hata kidogo. Ilimrudishia mtu sauti inayojulikana nyumbani kwake.

Tukirudi Neuralink: Noland Arbaugh, yule Mmarekani wa chesi, aliwekewa Januari 2024, elektrodi 1,024 kwenye nyuzi 64. Wiki chache baadaye nyuzi nyingi zikarudi nyuma kutoka kwenye ubongo na uwezo ukashuka. Kilichookoa jahazi ni kuandika upya programu inayotafsiri ishara, hawakumpasua tena. Kampuni ya Synchron wao hawapasui fuvu, wanapitishia kwenye mshipa wa shingo hadi mshipa ulio jirani na sehemu ya ubongo inayoendesha mwili. Elektrodi 16 tu. Mei 2025 Apple wakatangaza kwamba simu zao zitatambua vifaa vya namna hii moja kwa moja, kama zinavyotambua swichi za watu wenye ulemavu. Kwangu tangazo hilo lina uzito kuliko elektrodi elfu: mgonjwa anatumia simu ile ile ambayo wajukuu wake wanaijua, akikwama wanamsaidia.

Na kabla hujaweka chipu: zaidi ya watu 350 duniani waliwekewa jicho bandia la Argus II la kampuni ya Second Sight. Kampuni ikaliacha mwaka 2019, mwaka uliofuata ikakaribia kufilisika. Watu wakabaki na kifaa machoni kisicho na fundi wala vipuri. Kofia ikifa unaitupa kabatini.

---

Mlenge254

Hiyo ya Argus imenitoa jasho. Swali jingine: mgonjwa akiwaza bahati mbaya je? Taa zitakuwa zinawaka na kuzima nyumba nzima?

---

FundiMawimbi

Umegusa donda. Kifaa cha kawaida ukikiacha hakifanyi kitu. Ubongo hauachi. Kwa hiyo kitu cha kwanza kubuniwa ni hali ya KUPUMZIKA: kifaa kijue kwamba sasa mtu anatazama mpira na kisiongoze chochote. Kuingia na kutoka kwenye hali hiyo kuwe kwa mgonjwa mwenyewe, asisubiri mtu aje. Na kionekane wazi kimelala, mfano skrini iwe ya buluu hafifu.

Halafu panga amri kwa madhara yake. Kubadilisha chaneli: fanya mara moja, kosa ni dogo. Kuita muuguzi: fanya mara moja na usiulize mara mbili. Kufungua mlango wa nje, jiko la gesi: ama thibitisha mara mbili ama usiweke kabisa, mimi jiko siliweki. Kiti cha magurudumu: mgonjwa aseme "jikoni", vihisi vya kiti vikwepe meza. Kumfanya achague kushoto-kulia-kushoto kwa ubongo kila nusu mita ni kumtesa.

Kuna jambo zuri pia. Mtu akiona mashine imekosea, ubongo wake wenyewe unatoa wimbi la "aa, siyo hiyo" ndani ya sekunde isiyofika nusu. Mwaka 2017 watu wa MIT walilitumia kumsahihisha roboti Baxter aliyekuwa anapanga vitu kwenye mapipa. Ukiliweka kwenye kifaa cha kuandikia, herufi mbaya inajifuta yenyewe. Kile kitufe cha kufuta kilichokuwa kinatula kule juu kinapunguziwa kazi.

---

Mwl_Ngeli

Nimesoma kimya hadi hapa. Hao wa maneno 62 kwa dakika, ni kwa Kiingereza. Kiswahili kitafanyaje?

---

FundiMawimbi

Mwalimu, hapa kuna neema na balaa.

Neema: mifumo ile inakisia sauti kwanza, kisha inazigeuza maneno. Kiingereza kinaandikwa kivyake na kutamkwa kivyake. Sisi tuna irabu tano na unavyotamka ndivyo unavyoandika, kwa hiyo hatua ya pili ni nyepesi.

Balaa: wao waliweka orodha ya maneno 125,000 na mashine inachagua humo. Orodha hiyo kwetu inavunjika kwa kitenzi kimoja. Nitakuambia, hatutawaambia, wasipokuambia, aliyeniambia, chukua vitenzi vyote uzidishe kwa nafsi na nyakati. Inabidi mashine itabiri vipande: nafsi, wakati, mtendwa, shina. Na hiyo inafaa hata kwa kofia ya kawaida. Ukishachagua "ni-" skrini ilete "na", "li", "ta", "me", "ki", mgonjwa anachagua kutoka vitano badala ya 36. Kitu kama "ninataka" kinakamilika kwa hatua tatu.

Watafiti wa San Francisco walionyesha mwaka 2024 kwamba mtu mmoja anaweza kutumia Kihispania na Kiingereza kwenye kipandikizi kimoja, mashine ikitambua yenyewe anajaribu kusema lugha ipi. Kwa nchi ambayo mzee anaanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kihaya, hilo si la anasa.

---

Mwl_Ngeli

Jedwali la viambishi naweza kukutengenezea. Vile vya kukanusha usivisahau, "ha-", "si-", "hu-". Mgonjwa anayeshindwa kusema "sitaki" kwa haraka ni mateso.

---

FundiMawimbi

Mwalimu, SITAKI inaingia ukurasa wa kwanza, jirani na MAJI. Nimekubali.

---

Kijana_wa_Kombo

Mimi niko mwaka wa mwisho uhandisi, natafuta mradi. Nikinunua zile kofia za bei poa za mtandaoni zenye elektrodi moja kwenye paji la uso nitafika?

---

FundiMawimbi

Utafika kwenye nyusi. Elektrodi moja ya paji inasoma sana misuli: ukikunja uso au kung'ata meno namba zinapanda, na tangazo linasema "umakini". Jipime: kaa umetulia unawaza hesabu ngumu, kisha kaa bila kuwaza chochote ila ng'ata meno. Ukiona la pili linashinda, umepata jibu. Na kama kifaa kinaendeshwa kwa misuli, sema hivyo hivyo kwenye ripoti, swichi ya misuli ni kitu cha maana kabisa.

Kwa mradi tafuta bodi ya chaneli 8 ambayo michoro yake iko wazi, kama za OpenBCI, idara nyingine wanazo. P300 inaonekana vizuri katikati ya kichwa na kuelekea nyuma, kwa hiyo nane zinatosha. Soma kwanza sheria ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, na idhini ya maadili ya chuo uipate kabla ya kumgusa mtu. Chile mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamuru kampuni ya Emotiv ifute data za ubongo za mteja wake, seneta wa zamani. Rekodi zako zikae kwenye kompyuta yako, usizitupie kwenye seva usiyoijua.

Halafu usitengeneze mashine mpya. Chukua mfumo uliopo wa bure, utengeneze kofia na skrini ya mtunzaji. Mpe mtu ambaye hajawahi kukiona kifaa, kaa kimya pembeni, hesabu dakika hadi taa zote ziwe kijani. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

---

Mama_Shuga

Kijana ukifika kwenye kofia nitafute inbox. Kichwa cha mfano ninacho, cha kusukia.

---

NesiWaZamu

Na mimi nitafute. Ila uje na SITAKI ikiwa tayari.